Mtoto, Rangi na Hukumu ya Taswira

Suala la kama mtoto mdogo wa Kiislamu aachwe achore watu na wanyama ni la kale katika fiqhi, yaani elimu ya hukumu za dini, lakini katika kisiwa cha Unguja limepata uzito mpya tangu Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipoyaingiza maandalizi, ile miaka miwili ya mafunzo kabla ya darasa la kwanza, katika elimu rasmi ya lazima. Katika kijiji kama Mangapwani, kilichoko pwani ya Wilaya ya Kaskazini B, si ajabu mtoto wa miaka minne au mitano kuwa na walimu wawili: wa skuli ya maandalizi, anayempa karatasi na rangi akamwambia achore apendacho, na wa chuoni, yaani chuo cha Kurani, anayemshikisha kalamu aandike alifu na bee kama walivyoandika babu zake. Walimu hao hawagombani, na pengine ni majirani au ndugu; hata hivyo, mtoto anaporudi nyumbani na karatasi yenye duara, macho mawili na miguu miwili, akasema kuwa huyo ni mama, jamaa zake wanaweza kugawanyika, mmoja akafurahi na mwingine akauliza kama jambo hilo si haramu. Swali la huyo wa pili halistahili kupuuzwa wala kujibiwa kwa pupa, kwa sababu ndani yake limo swali kubwa zaidi, nalo ni hili: mtoto anapochora, hasa huwa anafanya nini?

Rangi zinazokusudiwa hapa ni pasteli za mafuta, yaani vijiti vifupi vya unga wa rangi uliochanganywa na nta pamoja na mafuta yasiyokauka. Vijiti hivi si sawa na krayoni ya kawaida, ambayo ni ngumu na hutoa rangi hafifu, wala si sawa na pasteli kavu, ambayo humwaga vumbi na kufutika kwa kuguswa tu. Vilibuniwa Japani na kampuni ya Sakura mwaka 1925, na wakati huo wenyewe una maana kwa mada hii. Mwaka 1919 mchoraji Kanae Yamamoto, ambaye alipokuwa akirejea kwao kutoka Ulaya alipitia Urusi na kuvutiwa na michoro ya watoto aliyoiona Moscow, alianzisha vuguvugu la uchoraji huru, akiupinga mtindo wa skuli za Japani wa kuwanakilisha watoto picha za vitabuni na kudai kwamba mtoto achore alichokiona kwa macho yake mwenyewe. Darasa la namna hiyo lilihitaji chombo kisichodai ustadi, na pasteli ya mafuta ni chombo hicho: mtoto huishika kwa ngumi, haihitaji kuchongwa wala kuchovywa, nayo huacha rangi nzito hata mkono ukiwa dhaifu. Zaidi ya hayo, haifutiki kwa raba. Alama ikishawekwa imewekwa, na mtoto anaweza kuifunika, kuipaka kwa kidole mpaka ichanganyike na rangi ya jirani yake, au kuikwaruza kwa kijiti cha uchelewa ili rangi ya chini ionekane, lakini hawezi kuirudisha nyuma aikaribishe na mfano fulani ulio mbele yake.

Wataalamu waliochunguza michoro ya watoto wamekubaliana juu ya mfuatano wake, ingawa hawakubaliani juu ya sababu. Viktor Lowenfeld, katika kitabu chake cha mwaka 1947 kuhusu ubunifu na ukuaji wa akili, aliueleza wakati wa takriban miaka miwili hadi minne kuwa wa kukoroga, yaani kupitisha mistari isiyokusudia kuonyesha kitu, na ule wa minne hadi saba kuwa wa maumbo yanayoanza kufanana na vitu. Rhoda Kellogg wa Marekani, aliyekusanya michoro mingi mno kutoka nchi nyingi na kuchapisha uchambuzi wake mwaka 1969, alionyesha kwamba mikorogo ya watoto hufanana kote duniani, na kwamba duara na msalaba hutangulia kabla ya mtu. Mtu wa kwanza, anapotokea, huwa na kichwa kinachoota miguu moja kwa moja, hana kifua wala tumbo, na pengine mikono hutoka mashavuni. Jambo lenye uzito kwa mada hii ni kwamba jina huja baada ya umbo: mtoto hukoroga kwanza, kisha huutazama mkorogo wake, akakumbuka, ndipo akasema kuwa huyu ni bibi, au hii ni ngalawa. Baadaye sana, na polepole, ndipo anapoanza kutaja kabla ya kuchora.

Hukumu ya taswira, yaani picha au sanamu ya kiumbe chenye roho, imejengwa juu ya Hadithi zilizopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim, zinazoeleza kwamba watengenezaji wa taswira watakuwa miongoni mwa watakaoadhibiwa vikali Siku ya Kiyama, na kwamba wataambiwa wakitie uhai kile walichokiumba. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake ndivyo nguzo ya madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Zanzibar, alilichukua onyo hilo kwa upana wake, akaiharamisha picha ya kiumbe chenye roho iwe na kivuli au isiwe nacho. Wanazuoni wengi wa Kimaliki walitofautisha, wakaiharamisha sanamu kamili yenye kivuli na kuiona picha bapa kuwa makuruhu, yaani jambo linalochukiza bila kufikia kuharamishwa. Imepokewa pia kwamba Ibn Abbas alijiwa na mtu aliyeishi kwa kazi ya mikono yake ya kutengeneza picha, naye, baada ya kumsimulia onyo la Mtume, alimwelekeza kwamba kama hana budi basi achore miti na visivyo na roho. Anayeandika juu ya elimu ya watoto katika jamii hii hana haki ya kuyapita maneno haya kana kwamba ni mabaki ya zama zilizokwisha, kwa sababu mzazi wa Mangapwani anayeuliza kuhusu uharamu anauliza kutoka katika elimu yenye mizizi, na pengine ameisoma kwa undani kuliko mwalimu anayemjibu.

Jibu la kwanza linalotolewa kwa kawaida ni kwamba mtoto si mukallafu, yaani hajafikia baleghe wala ukamilifu wa akili unaombebesha mtu wajibu wa sheria, na Hadithi mashuhuri imemtaja pamoja na aliyelala na mwendawazimu kuwa ni watu ambao kalamu ya kuandika madhambi imeondolewa juu yao. Jibu hili ni la kweli, lakini halimalizi kazi. Anayempa mtoto rangi ni mtu mzima, na sheria humtaka mlezi amzoeze mtoto mema na kumwepusha na maovu kabla hajawajibika, ndiyo maana huamrishwa kuswali akiwa na miaka saba ingawa swala bado si faradhi kwake. Kama kuchora kiumbe chenye roho ni haramu kwa mkubwa, kumzoeza mdogo kunahitaji hoja nyingine mbali na udogo wake.

Hoja hiyo imo katika Hadithi za Bibi Aisha, ambaye alikuwa na wanasesere wa kuchezea nyumbani kwa Mtume, na miongoni mwao, kwa mapokezi ya Abu Daud, alikuwamo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Mtume alipomuuliza kuhusu mbawa hizo naye akamjibu kwa kutaja farasi wa Nabii Suleiman, Mtume alicheka. Mafakihi, yaani wanazuoni wa fiqhi, waliichukua ruhusa hii kwa uzito. Kadhi Iyadh aliieleza kuwa imetengwa na katazo la jumla, na sababu iliyotajwa ni kwamba mchezo huo huwazoeza watoto wa kike malezi ya watakaowazaa. Kwa maneno mengine, wanazuoni wenyewe walitambua kwamba malezi yana maslahi, yaani manufaa yanayozingatiwa na sheria, yanayoweza kuruhusu kwa mtoto umbo ambalo lingezuiwa kwa mkubwa. Mwanasesere ana kivuli, ana kichwa, na ameundwa makusudi afanane na mtu. Ikiwa huyo ameruhusiwa kwa ajili ya malezi, duara lenye miguu lililochorwa na mkono wa miaka minne halina sababu ya kuwa zito kuliko yeye.

Iko hoja nyingine, ya werevu zaidi, inayoweza kutolewa kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi yenyewe. Mafakihi wake wanaiondoa katika katazo picha iliyokatwa kichwa, na baadhi yao wanaipeleka hukumu hiyo kwa kila picha iliyokosa kiungo ambacho kiumbe hakiwezi kuishi bila ya hicho. Mtu wa mtoto, asiye na kifua wala tumbo, ataingia katika ruhusa hiyo bila ya taabu. Hata hivyo haifai kuitegemea hoja hii. Mtoto atafika miaka sita, atamchorea mama yake gauni, kanga na vifungo, na aliyejificha nyuma ya upungufu wa mchoro atalazimika kumwambia aurudishe ule upungufu.

Msingi imara zaidi unapatikana kwa Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika sehemu ya kitabu chake cha Ihyaa inayohusu kuirekebisha nafsi, Ghazali anaueleza moyo wa mtoto kuwa ni johari safi ya thamani, isiyo na nakshi wala sura yoyote, iliyo tayari kupokea kila inachochorewa. Na katika sehemu hiyohiyo anasema kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri wa kumpumzisha, kwa kuwa kumzuia kucheza na kumlemea kwa masomo mfululizo huufisha moyo wake, huudumaza wepesi wa akili yake na kuyatia uchungu maisha yake, mpaka atafute hila ya kuyakimbia masomo yenyewe. Watu wengi huinukuu ile sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili. Zikisomwa pamoja, zinaonyesha kwamba Ghazali hakumwona mtoto kuwa ubao wa kuandikwa na wakubwa peke yao, kwani moyo unaoweza kufa kwa kukosa kucheza ni moyo wenye uhai na mwendo wake. Mkorogo wa rangi kwenye karatasi ni mwendo huo ukionekana. Mtoto hupokea nakshi za dunia, bahari inapokupwa mchana ikaacha mwani na majongoo, minazi inapoyumba kwa kusi, mbuzi wanapopita juu ya mawe ya matumbawe, na kile alichokipokea hukitoa tena kwa mkono ili akitazame.

Hapo ndipo sababu ya katazo inapotengana na kitendo cha mtoto. Sababu iliyotajwa zaidi na wanazuoni, ukiacha hofu ya kuabudiwa kwa masanamu, ni kushindana na uumbaji wa Mwenyezi Mungu, ambaye miongoni mwa majina yake yaliyotajwa katika Sura ya Al-Hashr ni Mtia Sura. Kushindana kunahitaji madai: mtu ajione kuwa kazi yake inasimama karibu na kazi ya Muumba, au atake wengine waione hivyo. Mtoto aliyekoroga kwanza, akataja baadaye, na kesho yake akaitazama karatasi ileile akasema kuwa ni papa, hana dai lolote juu ya alichokifanya. Hajamfanya mama, amemkumbuka. Mchoro wake uko karibu zaidi na tafakuri, ile kazi ya kuvitazama viumbe na kuvizingatia ambayo Kurani imeihimiza mara nyingi, ingawa ni tafakuri ya mtu asiyejua bado kuwa anatafakari.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mahali penyewe panalidai. Kaskazini kidogo mwa Mangapwani, ndani ya mwamba wa matumbawe, kipo chumba kilichochimbwa ardhini ambacho wageni huletwa kukiona, kinachonasibishwa na kuwaficha watumwa baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara hiyo ya baharini mwaka 1873. Watu waliopitishwa katika biashara ile walihesabiwa kwa vichwa na kuthaminiwa kwa bei, na haikuwa haja ya mtu kuzijua nyuso zao. Mtoto anayekua karibu na mahali hapo, na ambaye kitu cha kwanza kukichora kwa makusudi ni uso, wenye macho kabla ya kuwa na mwili, anamtambua binadamu mwenzake kabla ya kufundishwa neno karama, yaani heshima ambayo Kurani inasema wanaadamu wote wametunukiwa. Mwalimu anayemwambia aufute uso huo, au mbaya zaidi anayeichana karatasi mbele ya wenzake, anaondoa zaidi ya rangi.

Hoja hizi zote hazimpi mwalimu uhuru wa kufanya atakavyo. Mtoto ni amana ya wazazi wake, na pale ambapo familia inashikamana na kauli ya Nawawi kwa ukamilifu wake, mwalimu ana wajibu wa kuiheshimu. Njia ya Ibn Abbas ipo na ni pana: minazi, migomba, mikarafuu, mashua, nyumba ya makuti, mvua ya masika, jua linalozama nyuma ya bahari, vyote havina roho, na ukanda huu wa pwani haupungukiwi navyo. Wako pia wanaosema kwamba mtoto afundishwe nakshi tangu mwanzo, kwa kuwa ndiyo sanaa ya Kiislamu, nao wana ushahidi mzuri mikononi: kibla cha msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa kisiwa, kina maandishi ya hati ya Kufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe na kutiwa tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107, wakati Ghazali mwenyewe alikuwa bado hai, na milango ya Mji Mkongwe, kofia zilizotariziwa na hina za maharusi zinaendeleza adabu hiyohiyo ya mstari. Lakini nakshi ni kazi ya mkono uliokomaa. Mtoto wa miaka minne akilazimishwa kurudia umbo kwa usawa atafanya kile alichokipinga Yamamoto, atanakili, na hatakuwa amechora wala amejifunza nakshi. Nakshi isubiri, nayo itapata mkono ulio tayari.

Katika darasa lenyewe, dini na rangi hukutana mahali ambapo vitabu vya ualimu haviwazii. Pasteli ina nta, na Nawawi ameeleza katika kitabu chake cha Majmuu kwamba nta, unga uliokandwa na kila chenye mwili kinachoyazuia maji yasifike kwenye ngozi huufanya udhu usisihi, ilhali rangi ya hina iliyobaki bila ya mwili wake, au mafuta ambayo maji hupita juu yake, hayadhuru. Pasteli ina vyote viwili, nta inayozuia na rangi isiyozuia, kwa hiyo mwalimu aliyewashikisha watoto vijiti asubuhi nzima anapaswa kuziangalia kucha zake kabla ya swala ya adhuhuri: afute kwanza kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya nazi, ambayo huilegeza nta, kisha aoshe kwa sabuni, na kinachobaki kikiwa ni wekundu au ubuluu tu uliozama katika ngozi, hukumu yake ni ya hina. Watoto wanaweza kulijua hili pia, na watalijua kwa furaha. Vijiti vyenyewe, siku za kaskazi, hulainika na kuvunjika mkononi, kwa hiyo viwekwe kivulini na vigawiwe vikiwa vipande vifupi, rangi mbili au tatu kwa mara ya kwanza, na viwe vya aina iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa sababu baadhi ya vile vya wasanii hutiwa madini yenye sumu.

Zaidi ya usafi, ziko adabu tatu ambazo hoja iliyotangulia inazitaka. Mwalimu asimwagize mtoto kuchora kiumbe chenye roho, wala asimkemee akikichora mwenyewe. Asimsifu kwa kumwambia kuwa ameumba, maana hapo ndipo yule asiyekuwa na dai anapofundishwa kudai. Amwambie tu alichokiona, kwamba hapa amepitisha kijani juu ya manjano, na kwamba mstari huu umezunguka ukarudi ulikoanzia. Na michoro yenye sura za watu isibandikwe katika chumba ambamo watoto na walimu wanaswali, kwa kuheshimu Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye taswira. Ipewe wazazi, au ihifadhiwe kabatini katika jalada la kila mtoto, ambamo mwalimu ataweza kuuona ukuaji wake mwezi hadi mwezi.

Mfano wa kuziunganisha elimu hizi mbili upo tayari katika pwani ya Waswahili. Mpango wa Madrasa wa malezi ya watoto wadogo, uliotokana na ombi la Waislamu wa pwani ya Kenya kwa Aga Khan na ukaanza Mombasa katikati ya miaka ya 1980 chini ya Bi Swafiya Said, kisha ukaingia Zanzibar mwaka 1990, ulijenga skuli za awali ambamo mafunzo ya dini na mchezo wa mtoto viliwekwa chini ya paa moja, kwa vifaa vingi vilivyookotwa palepale, vikiwamo vifuu na makombe ya baharini. Mpango huo haukuwataka wazazi wachague kati ya dini na utoto wa watoto wao.

Kilichobaki ni kwa walimu wa maandalizi na walimu wa vyuo kuzungumza juu ya karatasi moja. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inapoandaa mafunzo ya walimu wa maandalizi Unguja na Pemba, iwaalike masheikhe waje kulisomesha suala la taswira kwa kauli zake zote, ya Nawawi na ya Wamaliki, ya wanasesere na ya miti, na masheikhe nao wakubali kukaa asubuhi moja darasani, Mangapwani au penginepo, wamtazame mtoto wa miaka minne akichora kabla ya kutoa hukumu juu ya mchoro wake.